Shimo Lisilojaa

Nianze na shimo, ingawa mke wangu, Mungu amrehemu, angetaka nianze na kisima. Yeye alipenda habari ianze pale inapoonekana.

Nilikuwa fundi wa magari katika mtaa wa Buyenzi. Shule niliiacha nikiwa bado nagombana na hesabu za kugawanya. Garaji yangu ilikuwa uani kwangu, mabati matatu juu ya nguzo, na nyuma yake nilichimba shimo la vidanji, yaani ile oili nyeusi inayotolewa kwenye injini ikishachoka. Kila fundi alikuwa na lake. La kwangu lilinifika kiunoni, na halikujaa kamwe. Namwaga bidoni nzima, dumu lililojaa, jioni, asubuhi nakuta mchanga umelala kimya, kama sikumwaga kitu. Miaka kumi na zaidi. Nilijisifu kwa wenzangu kwamba ardhi yangu ina kiu kushinda mlevi. Walicheka. Ila mchana, mtaa ukinyamaza, nikisimama pale peke yangu, nilihisi kuna mtu huko chini anapokea.

Basi vita vikaja, na robine za maji zikakauka. Siku nyingine maji yalitoka saa moja, siku nyingine robine ilipumua tu. Hatua ishirini kutoka ukuta wangu kulikuwa na kisima cha wazee wetu, kilichofunikwa tangu mabomba yafike mtaani. Tukakifunua. Kwetu ziwa liko karibu, hivyo maji hayako mbali chini. Yalikuwa baridi, matamu, na watu walitoka hadi mtaa wa Nyakabiga na bidoni zao. Ndani waliishi vyura, ukiinama unawasikia. Mke wangu alisema chai ya kisima ina ladha ya utoto wake. Alikuwa anaweka sukari nyingi, yule, lakini hilo tuliache.

Mwezi wa nne vyura walinyamaza. Hawakupungua kidogo kidogo. Asubuhi moja tu tuliinama, hakuna sauti.

Kisha ndoo ikapanda, maji yake yana utando kama ngozi. Juu ya maji palikuwa na rangi za zambarau na buluu, zinazunguka polepole, na ndoo imetulia chini, hakuna aliyeigusa. Ukipeleka kidole, rangi zinakikimbia. Watoto wakaanza kuwashwa mwilini. Mtu mmoja akasema kuna maiti ndani. Miaka ile hilo halikuwa neno la kushangaza. Tukashusha kulabu, tukazungusha chini kabisa, tukapandisha tope na kikombe cha plastiki. Maiti hakuna. Hapo watu wakaacha kutafuta kitu, wakaanza kutafuta mtu.

Wakampata mama wa maandazi. Alikuwa amekimbia kutoka Kongo na binti zake watatu, akapita Gatumba, kule mpakani, akapanga chumba nyuma ya msikiti. Kwa sababu ya kukanda unga wake yeye ndiye aliyewahi kisimani, peke yake, adhana ya alfajiri ikiisha tu.

Sasa niseme lililo gumu. Mimi nilijua tangu ndoo ya kwanza. Nilinusa. Vidanji ina harufu yake ya kuungua, huwezi kuidhania kitu kingine. Nikajiambia ni mikono yangu. Nikanawa kwa sabuni mara tatu, nikanusa kikombe cha chai tena. Nikanyamaza wiki tatu, na chai hiyo nikainywa.

Ijumaa, baada ya swala, watu walijaa kisimani. Muuza mkaa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyesema.

"Mama, mbele ya alasiri uwe umeisha kuondoka."

"Niende wapi na hawa batoto? Njia ya Gatumba leo inapigwa risasi."

"Uliweka nini mu maji?"

"Mi sikuweka kitu. Na mi nayanywa, baba. Haya, nipe."

Akachota, akanywa mbele yetu, midomo yake ikang'aa. Nikaona binti mdogo ameshaanza kufunga sufuria kwenye kitenge, bila kuambiwa, kama mtu aliyezoea.

"Ni oili yangu," nikasema.

Muuza mkaa akanigeukia. "We muzee, maandazi yake yamekulewesha?"

Wengine wakacheka. Mke wangu hakucheka.

"Lete sepeto," nikamwambia muuza mkaa. "Chimba pale kwangu."

Tulichimba watu wanne. Chini ya mchanga mkavu, mchanga ulikuwa mweusi, umeshikana kama keki. Tukafuata weusi, na weusi haukushuka tu, uliinama kuelekea kisimani, umepita chini ya ukuta wangu, umenyooka kama unajua njia. Tulipofika kimo cha mtu tukakuta maji, na juu yake zile rangi, zinazunguka. Oili yote niliyodhani imekwisha ilikuwa inatembea, miaka yote hiyo, chini ya kitanda changu.

Hakuna aliyenipiga. Heri wangenipiga. Muuza mkaa aliweka sepeto chini, akaenda.

Mama wa maandazi alibaki mtaani. Aliniuliza neno moja tu: "Ulijua toka lini?" Nikamwambia. Akaingia kwake, akafunga mlango.

Kisima tulikifunika kwa zege. Nilianza kutia vidanji kwenye pipa la chuma lenye kifuniko, na mafundi wenzangu nikawafukia mashimo yao mimi mwenyewe. Choo changu pia nilikihamisha, maana niliona chini hakuna ukuta. Lakini mtaa mzima ulirudi kungoja robine, na ikigoma tulishuka mtoni na bidoni, masikio yakisikiliza risasi za milimani. Kila niliposhuka nilijaza bidoni mbili za ziada, nikaziweka mlangoni kwa yule mama.

Mwaka mzima nilizikuta asubuhi pale pale, zimejaa, hazijaguswa. Nikazibeba kwenda kumwagilia mboga za mke wangu, kisha nikashuka tena mtoni.