Lipu ya Kanisa Ndani ya Ngome

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1965, Fundi Mkuu alinipa gongo la kupondea, akanionyesha lundo la udongo uliochomwa. "Ponda mpaka uwe unga," akasema. "Hii ndiyo saruji yetu. Ile yenu ya magunia isahau." Alikulia Pemba, basi maneno hayo aliyasema kwa Kiswahili, mbele ya watu. Mimi nilifika Maskati mwaka uliotangulia na wazee wangu, kutoka Unguja, nikijiona fundi tayari.

Nilianzia Sidab, kijiji cha jirani, kwenye mnara wa ulinzi. Baadaye nikahamishiwa ngome ya Wareno, juu ya bandari ya Maskati. Ndani mlikuwa na kanisa dogo: chumba chenye dari la upinde, na maandishi yao yamechongwa ukutani. Wareno walipofukuzwa, wenyeji hawakulibomoa, walilifanya ghala la baruti. Sasa dari lilianza kuachia mawe. Tuliambiwa tuzibe nyufa na kupiga lipu ya ule udongo na chokaa, ambayo hukawia kushika na lazima ifunikwe magunia yaliyolowa.

Mara mbili tuliipiga, na mara mbili asubuhi tuliikuta chini. Akida, mkuu wa walinzi wa ngome, akasema, "Ikianguka tena nabomoa. Mawe nna kazi nayo."

Wenzetu wakasema ni mashetani ya Kireno.

"Mashetani gani," Fundi Mkuu akauliza, "yanayochagua lipu mbichi?"

Kisha ikaja meli ya kigeni, ngome ikapiga mizinga ya salamu mchana, nasi tumo ndani. Kila mshindo, vumbi likatumwagikia kichwani. Tukatazamana. Kila siku, saa tatu ya usiku, ngome hupiga mzinga na lango la mji hufungwa. Huo ndio uliokuwa ukitikisa lipu yetu.

Fundi Mkuu akapanda kwa Akida. "Shekhe, tupunguzie baruti mpaka lipu ishike."

"Na lango nilifunge kwa kukohoa?"

Walibishana mpaka kahawa ikaisha. Akida akakubali nusu ya baruti, kwa siku chache.

Siku hizo hizo akaalikwa chakula nyumba ya karibu, nje ya lango la mji. Alizoea kuondoka akisikia mshindo, na kuwahi kabla lango halijamaliza kufungwa. Safari hii hakusikia kitu. Bawabu wa lango alinisimulia mwenyewe:

"Fungua! Ni mimi Akida!"

"Akida yuko ngomeni, na ameamuru asifunguliwe mtu."

Alilala barazani kwa watu. Asubuhi alikuja moja kwa moja kanisani, kanzu imejaa vumbi, nasi tukajua dari limekwisha. Akafunua gunia, akaigonga lipu kwa kidole.

"Imeshika?"

"Bado siku mbili, Shekhe," Fundi Mkuu akajibu.

Akida akalirudisha gunia. "Basi siku mbili hizo nitakula kwangu."

Baada ya 1970 nilihamia kazi za zege, bandarini Matrah, mpaka nikastaafu. Nimerudi kulitazama lile dari. Halina hata ufa. Ningekuwa mimi ndiye niliyelala nje, sijui kama lingekuwapo.