Ngoma Niliyoipiga Shambani

Mimi ni mwalimu, mtu wa Tanga, na hapa Shinyanga hakuna anayenipigia hodi. Shuleni tunafundisha kwa vitendo, hivyo wanafunzi wangu walijifunza hesabu kwa kupima shamba la pamba. Hesabu waliielewa upesi, ila magugu yakawashinda.

Juzi asubuhi nikawapigia ngoma shambani kuwatia moyo. Mara majirani wakaja na majembe, wakalima wakiimba mpaka jioni. Nikajiambia, hatimaye nimepata watu. Nikazunguka kati yao kama bwana harusi.

Walipomaliza, waliketi mbele ya nyumba yangu.

“Mwalimu,” mzee mmoja akasema kwa upole, “kwetu anayeita watu kwa ngoma huwalisha. Ng'ombe wetu yuko wapi?”

Ndani nilikuwa na birika la chai na kikombe kimoja.