Sauti Iliyobaki ya Honi

Mungu alipokuwa akigawa sauti, Honi alipanga foleni mara mbili. Ndivyo walivyomtania sokoni, na jina likamganda. Alikuwa mnadi wa nguo za mitumba. Akipanda juu ya kreti na shati moja mkononi, wateja walimsikia wakiwa bado barabarani, na wauzaji wa jirani waliona bora wakanywe chai kwanza hadi amalize.

Kisha saratani ya koo ikamkamata. Madaktari waliokoa roho yake, lakini wakaondoa kiungo kinachotoa sauti na kumwachia tundu shingoni la kupumulia. Mtu aliyepata riziki kwa mdomo wake sasa aliomba chumvi kwa kidole. Mara kadhaa mkewe alimkuta nyuma ya nyumba, midomo ikimcheza bila sauti, ananadi. Mama wa watu alirudi ndani kimyakimya, akalia.

Lakini kilichomnyima usingizi Honi ni binti yake wa pekee. Binti alikuwa amepata mimba, akahamia kwa kijana ambaye Honi hakutaka hata kumwona. Baba mtu akashika simu, akamrushia jumbe za sauti mfululizo, akamtukana na kumnyima radhi. Jioni ileile alijua amevuka mpaka. Akajiambia atampigia wiki ijayo. Hizo wiki ijayo zikawa nyingi, mjukuu akazaliwa na kuanza kuongea, koo nalo likaondoka. Sasa alitaka kusema neno moja tu, na hana pa kulisemea.

Kuandika alijaribu. Jibu la binti likaja upesi: "Mama, najua ni wewe unaandika. Baba hajawahi kuomba msamaha tangu azaliwe."

Hospitali ndiyo iliyompeleka kwenye maabara ya chuo, kwa mhandisi wa vifaa vya tiba, dada mcheshi mwenye gundi vidoleni. Alikuwa akitengeneza ukanda laini wa kuvaa shingoni. Mtu anatamka bila sauti, ukanda unasoma misuli inavyocheza, na kipaza sauti kidogo kinasema maneno yale.

"Tena kwa sauti yako mwenyewe, mzee wangu," alisema. "Niletee tu rekodi zako za zamani."

Wakazitafuta kila mahali. Ajabu na kweli, mtu aliyepigia soko zima kelele miaka yote, hakuna aliyewahi kumrekodi.

"Zipo," mkewe alisema hatimaye, bila kumtazama. "Zipo kwa mwanao."

Honi akainamisha kichwa. Mkewe akaziomba, na binti akazituma zote bila hata salamu. Kumbe hakufuta hata moja.

Siku ya kujaribu, mkewe akiwa pembeni, Honi alitamka salamu ya kawaida. "Habari za asubuhi!" ukanda ukafoka, kama mtu aliyekanyagwa kidole. Mhandisi akacheka, kisha akasogelea skrini. Akagusagusa kompyuta yake, wakarudia. Ukanda ukafoka vilevile.

"Mzee, nisikufiche. Mashine imejifunza sauti pamoja na hasira. Sina mfano mwingine wa kuifundisha upole. Nikuwekee sauti ya mtu mwingine? Ninayo moja, laini kabisa."

Honi akakataa kwa kichwa na mikono yote miwili. Binti aliposoma maandishi alisema si yeye. Akisikia sauti ya mgeni atasema nini? Akamwashiria mkewe apige simu palepale.

Simu ikapokelewa. "Mwanangu," mama alisema, "baba yako anataka kuongea."

Honi akasogea, akatamka alilolibeba miaka yote.

"Nisamehe, mwanangu!" ukanda ukakaripia, hadi mhandisi akashtuka kwenye kiti.

Upande wa pili kikasikika kitoto kikiuliza kwa woga: "Mama, nani anakugombeza?"

"Ndivyo anavyoongea babu yako," binti alijibu, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Hakukata simu. Alisubiri.

Honi akaishika simu kwa mikono miwili. Akatamka tena polepole, kwa upole wote aliokuwa nao duniani, machozi yakimchuruzika hadi kwenye ukanda.

"Nisamehe!" mashine ikabweka, na mtoto akaanza kulia.