Tulimpa Madeha Kigoda Mapema

Siku Madeha aliporudi na ng'ombe wetu, mwanangu, naikumbuka hadi leo, ingawa siku hizi nasahau hata nilipoweka fimbo yangu. Lilitangulia vumbi, likafuata kundi, na nyuma ya kundi yeye mwenyewe, ameinama kidogo, nguo imegandia mgongoni kwa damu. Kiboko cha Wadachi kilikuwa kimemchana.

Wewe hukuziona zama hizo, na ushukuru. Tulikuwa tunakaa huku upande wa Haneti, mimi mke mpya, mkono wangu haujazoea hata jiwe la kusagia la mama mkwe. Askari wa Mdachi walikuja kudai kodi. Tukawaambia mwaka umekauka, tungojeni mavuno. Hawakungoja. Waliswaga ng'ombe wa kijiji kizima wakaenda nao bomani, na wanaume wetu wakabaki kutazama chini. Madeha peke yake, mtu wa kawaida tu mwenye shamba lake la uwele, ndiye aliyewafuata kwa miguu. Akamwambia bwana mkubwa kwamba ng'ombe wale ndio maziwa ya watoto. Akapigwa. Alipoinuka, akayasema tena yale yale. Kwa nini yule Mdachi alilegea sijui, pengine alichoka kumsikia. Lakini ng'ombe walirudi.

Mume wangu Chilongani ndiye aliyemkanda mgongo kwa samli, ndani ya tembe yetu, mpaka vidonda vikafunga.

Basi kijiji kikapagawa. Jumbe wetu alikuwa amekufa, na nafasi yake ilikuwa wazi. Tukasema nani mwingine kama si Madeha? Hapo hatukukosea, maana ushujaa wake ulikuwa wa kweli. Ila kwetu, mwanangu, kuchaguliwa ni kitu kimoja na kigoda cha ujumbe ni kitu kingine. Mtu akichaguliwa hukaa kwanza chini, juu ya ngozi, pamoja na wazee, akisikiliza mashauri ya watu. Akae hivyo mpaka siku itakapoletwa kesi inayomgusa ndugu yake wa tumbo moja. Akimhukumu nduguye kwa haki, ndipo anachinjiwa dume jeusi na kukalishwa juu ya kigoda. Hata ikichukua miaka.

Sisi hatukungoja hata mwezi uandame. Dume jeusi likachinjwa, pombe ya mtama ikapikwa, wanawake tukabana ngoma zetu mapajani tukazipiga mpaka viganja vikavimba. Nani alikuwa na muda wa kumweka mtu kama yule juu ya ngozi?

Baba mkwe wangu ndiye pekee aliyekataa kula ile nyama. Alikuwa mzee mkavu wa maneno, na mimi mkwewe nilikuwa siruhusiwi hata kumtazama usoni. Lakini nilimsikia, sote tulimsikia.

"Mgongo wake nimeuona," alisema. "Ndugu zake bado sijawaona mbele yake."

Vijana wakamcheka. Wakasema mzee ana kijicho, kwa kuwa wanawe hawakuthubutu kwenda bomani. Hata Chilongani aliona haya, akamwomba baba yake anyamaze. Mzee akachukua mkongojo wake akaenda zake nyumbani.

Watu wa pwani wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huku kwetu minazi hatuna, lakini hayo maji tuliyaonja. Kwanza ng'ombe wa kaka yake Madeha wakala shamba la mjane mmoja, likabaki mabua. Mjane akapeleka shauri, akaambiwa tutalizungumza baada ya mavuno. Mavuno yakaja, yakapita. Tukasema ana mambo mengi, jamani, tumwache. Mtu uliyemshangilia hivyo ni tabu kumwona vibaya, maana ni kama kujitukana mwenyewe.

Kisha ikaja reli. Wadachi wakataka wanaume wa kuvunja mawe na kubeba mataruma, na majumbe wakaamriwa kuwatoa. Siku waliyokuja askari, waliofungwa kamba walikuwa ni wale wasio na udugu na Madeha. Ndugu zake, wanaume wenye mabega, walikuwa malishoni wanapiga miluzi. Chilongani wangu alikuwa kwenye kamba. Mimi nilikuwa na mimba.

Nilikwenda kwa Madeha nikapiga magoti. Nikamwambia, mtu huyu ndiye aliyekukanda mgongo. Alinitazama bila ubaya wowote usoni, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Shemeji," akasema, "nikimtoa Chilongani, nitamweka nani? Ndugu yangu?"

Aliuliza kweli, mwanangu. Aliuliza kama mtu ambaye hajawahi kulisikia swali hilo. Na ni kweli hakuwahi kulisikia, maana sisi tuliopaswa kumwuliza tulikuwa tunapiga ngoma.

Chilongani hakurudi. Mtu mmoja aliyerudi alisema ni homa, na kwamba walimzika kando ya njia ya reli. Ni wapi, hakukumbuka. Habari zilipofika, nilitegemea baba mkwe aseme, si niliwaambia? Hakusema. Alikaa upande wa pili wa ukuta, kwa adabu yetu ya mkwe, akanena polepole. Alisema Madeha si mtu mbaya. Alisema mtama ukivunwa mbichi, kosa si la mtama. Halafu nikamsikia analia, na mimi nilikuwa sijawahi kusikia mzee wa kiume akilia.

Nimechoka, mwanangu, nimewaona wengi baada ya Madeha, na kila mara vigelegele vinatangulia. Shika basi neno langu. Mtu akikutendea wema, mshukuru kwa wema huo, mpe maziwa, mpe mbuzi, mwimbie. Lakini usimlipe kwa wema ambao hajautenda. Aliyevumilia kiboko cha adui hajathibitika bado, mngoje siku haki itakapomtaka amhukumu aliye wake. Na mzee akikataa kula nyama ya sherehe yenu, msimcheke. Muulizeni anangoja kuona nini.

Nenda salama. Mungu akunyeshee mvua kwa wakati, akuzidishie watoto na mifugo, akupe viongozi wema na moyo wa kuwangoja waive. Na ubovu wa kiongozi, akujalie uuone mapema, katika shamba la mjane, usingoje kuuona kama nilivyouona mimi, kwa mume nisiyejua kaburi lake.