Mafuta ya Kupokelea Wageni

Jirani yangu anachemsha mbegu za mbarika apate mafuta, na harufu yake ingeamsha hata mbuzi aliyechinjwa. Mimi imenirudisha kwenye nyumba ya misheni ya wasichana yatima, karibu na Mvumi, enzi za Mdachi.

Mvua ilikuwa imegoma, na matumbo yetu yalinguruma hadi Kondoa wakasikia. Tukaambiwa mabibi wawili wa Kizungu wanakuja kututazama, na wapagazi wao wamebeba unga wa wafadhili. Mpishi wetu, mwanamke mzee, akatoa kibuyu chake cha mwisho cha mafuta.

“Mgeni hapokewi na ngozi iliyopauka, wajukuu zangu. Watasema hamkulelewa.”

Akatupaka mpaka inzi wakateleza. Rafiki yangu, tuliyelala naye mkeka mmoja, hakuweza tena kusimama, kwa hiyo tukamshika huku na huku. Wageni wakafika, mmoja na kofia ya kutosha kuanika uwele wa kijiji kizima. Wakatutazama, wakatabasamu, wakasemezana.

Mkalimani wao akasema, “Wanafurahi. Mnang'aa, mmeshiba. Unga utapelekwa kwa wenye njaa.”

“Baba, hayo ni mafuta tu!” mpishi akalia. “Ni heshima yao! Waambie!”

“Bibi, nani atambishia Mzungu?”

Wapagazi wakajitwika mizigo. Mpishi akachukua kitambaa, akaanza kutupangusa kwa nguvu, huku akiwaita warudi watutazame tena.

Siku ya tatu tukamzika rafiki yangu. Alikuwa bado anang'aa.