Hatua Saba Kutoka kwenye Biblia ya Mama

Hesabu yote, na nimeipiga mara mbili: Jumapili tisa, kilo mbili za sukari, viatu vya mpira jozi moja, na Biblia ya mama. Vile vitatu vya kwanza nilivitoa kwa mkono wangu. Biblia iliondoka nikiwa nimeipa mgongo, tena kwa maringo.

Mama aliagiza kabla hajafa kwamba Biblia yake ipelekwe kanisani iwe sadaka ya mavuno, maana mwaka ule hakuwa na mavuno mengine. Sikubisha. Ilikuwa ya Kibari, lugha ya kwetu, na Kibari changu ni cha kusalimia na kuuliza bei; nilikulia Kitale, kusoma nikasomea Kiswahili. Kila asubuhi kabla ya chai mama aliisoma kwa sauti, nami nikimsikia huku nafunga mzigo wangu, kama mtu anavyosikia mvua juu ya mabati: huelewi neno, ila ikikatika unainua kichwa. Ikakatika. Nikainua kichwa, chumbani nimo peke yangu.

Mimi na Mungu hatukugombana. Tuliacha tu kutembeleana, kama watu waliohamia mitaa tofauti.

Kanisani kwetu asiye na pesa huleta alicho nacho, kuku, mayai, samaki mkavu, na baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa uani. Bei hupanda tu. Mtu hununua mayai matatu kwa bei ya kuku na anaondoka anaimba. Hilo nalijua tangu utotoni. Lakini shemasi alipoinua Biblia nikaona pembe za kurasa zilivyokuwa nyeusi kwa vidole vya mama, nikajua naitaka, na mtu wa sokoni akitaka kitu anaharibika akili.

Nauza viatu vya mitumba soko la Custom. Kule, ukikitaka kitu, usikitazame. Uliza bei ya cha jirani yake. Kitie ila, taja nusu, kisha geuka uondoke. Kufika hatua ya tano utaitwa. Haijawahi kupita ya saba.

Basi nikauliza bei ya mayai. Halafu nikasema, kama aliyekumbuka tu, "Na hicho kitabu? Jalada limechanika." Nikataja nusu ya bei ya kuku.

Ua mzima ukacheka. "Huyu anampunja Mungu mchana kweupe!" mama mmoja akasema.

Nikageuka. Moja, mbili, tatu. Hatua ya tano nikasikia shemasi, "Kalas!" Kwisha. Lakini hakuwa ananiita mimi. Nilifika ya saba, nikasimama langoni kama mzigo uliosahauliwa, na nilipogeuka Biblia ilikuwa kwapani mwa bibi mmoja mwenye mwavuli wa jua.

Kesho yake nikamkuta yule bibi soko la Konyo Konyo, anauza bamia kavu. Kiswahili chake alikiokota ukimbizini Uganda.

"Haboba," nikamwita, yaani bibi, "nakupa mara mbili ya ulichotoa."

"Hapana."

"Mara tatu. Haboba, ile ni Biblia ya mama yangu."

"Mimi najua. Mama yako nakaa na mimi benchi moja."

"Sasa mbona hukuniachia?"

"Wewe nasema jalada nachanika. Halafu wewe nakwenda. Mtu nakwenda, hapana taka." Akapepeta bamia zake. "Kuja Jumapili. Mimi nasomea wewe."

Nilikwenda nikidhani ni mbinu, kwamba anapandisha bei. Nikapeleka sukari kilo moja. Akasoma palepale sokoni, pembeni, mimi nimekaa juu ya gunia. Sikuelewa zaidi ya jina la Yesu na neno la maji. Anasoma polepole kuliko mama, na pale mama alipopandisha sauti, yeye anashusha. Jumapili ya nne nikapeleka sukari nyingine. Ya sita, viatu, maana vyake vilikuwa vimekwisha soli. Sikuomba lolote. Hata leo sijui kama ninaamini. Ninachojua ni kwamba siku sita za wiki hakuna anayenisemesha ila kwa bei, na ya saba kuna mtu ananisomea nisichokielewa, akifika mwisho ananiuliza, "Nasikia?" nami najibu nimesikia.

Jumapili ya tisa akafunga kitabu, akaniwekea mapajani. "Chukua. Iko yako."

"Bei gani?"

"Hapana bei."

Akageuka, akaanza kurudi kwenye meza yake ya bamia. Nikatazama viatu vyangu miguuni mwake, nikahesabu bila kutaka. Tatu, nne. Nikaona chumba changu, na Biblia juu ya sanduku, imefungwa, hakuna wa kuifungua.

Hatua ya tano nikamwita. "Haboba, taal!" Rudi. Nikamrudishia.

Sasa nyinyi mnaosoma Maandiko na kuyaelewa, nishaurini. Niichukue, ikanyamaze nami nyumbani? Au niiache kwake, niendelee kukaa juu ya gunia kila Jumapili nikisikiliza, nisijue kama naye Mungu yumo au ni sisi wawili tu? Na huyu bibi asiyetaka bei, analipwa nini? Bei za watu wote wa Custom nazijua. Yake sijui nianzie wapi.