Mkaa Juu ya Ramani Yangu

Siku hizi binti yangu hufanya kazi sebuleni, mbele ya kompyuta, akiwa mkutanoni na watu ambao hajawahi kuwashika mkono. Juzi alinionyesha wanavyofanya. Mmoja anafungua mchoro, wote wanauona kwenye skrini zao, kisha kila mmoja anachora juu yake kwa rangi yake. Huyu anazungushia duara, yule anaweka mshale, mwingine anafuta cha mwenzake.

"Baba, umeona teknolojia?"

"Nimeona," nikamwambia. "Mimi nilifanya hayo kabla hujazaliwa, tena kwenye kijiji kisicho na umeme."

Alicheka sana. Ndiyo sababu naandika.

Nilirudi nchini miaka ile maduka ya Dodoma yalipoanza kujaa vitu. Wenzangu walishuka na friji, redio kaseti na masanduku ya suti. Mimi, mtoto wa mfuga mbuzi wa Ihumwa, niliyejisomesha kwa kuosha masufuria ya hoteli katika nchi ya baridi, nilishuka na stashahada ya upimaji ramani na projekta. Unaweka juu yake karatasi ya plastiki yenye mchoro, na mchoro unatokea ukutani, mkubwa kuliko ng'ombe. Katika ofisi yetu ya maji hakuna mwingine aliyekuwa na kitu kama hicho. Nilipopita koridoni watu walinyamaza, nami sikuona sababu ya kuwakataza.

Wakati huo mabomba ya maji yalikuwa yamerundikwa karibu na reli, yakitosha kijiji kimoja tu. Kilichokuwa cha kwanza kwenye orodha kilikuwa upande wa Kondoa. Mkuu wangu wa kazi aliniita.

"Lori linapakia kesho asubuhi. Rudi leo na mchoro wenye sahihi za kijiji. Usiporudi nao, mabomba yanakwenda kwingine."

"Nitarudi nao kabla chai yako haijapoa, mzee."

Mimi na dereva tulifika saa nne na Landrover, jenereta nyuma. Nilikuwa nimeagiza ukuta mmoja wa darasa upakwe chokaa, na madirisha yazibwe kwa mablanketi. Watu walijaa hadi mlangoni. Nilipowasha, wakapiga kelele: "Sinema imefika!"

Nikawaonyesha kijiji chao: shule hii hapa, msikiti, kanisa, korongo, na mstari mwekundu wa bomba langu ukishuka kutoka mlimani, umenyooka kama rula. Nikainua kalamu zangu za kufutika. "Mwenye hoja aje achore. Mchoro ni wa wote."

Mwenyekiti wa kijiji alikuja kwanza. Alipoinamia mashine, kivuli cha mkono wake kikatokea ukutani kikiwa kikubwa kama paa, kikafunika shule na kanisa.

"Mwenyekiti ametumeza!" mtu akapaza sauti, na darasa zima likaangua kicheko. Mwenyekiti akarudi kukaa. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kugusa kalamu zangu.

Ndipo akasimama mama mmoja mwembamba, mwakilishi wa wanawake, aliyekuwa akipika uji wa mkutano nje.

"Hii nini, mwanangu?"

"Korongo, mama."

"Si hapo."

Akatoka. Aliporudi alikuwa na kipande cha mkaa. Akaenda moja kwa moja ukutani, akasimama kando asizibe mwanga, akachora juu ya chokaa.

"Mama, si ukutani! Huku, kwenye plastiki!"

"Huko nichore mkono wangu?"

Wakacheka tena, safari hii wakinicheka mimi. Wengine wakamfuata kwa mkaa na chaki: shule, msikiti, kanisa, njia ya ng'ombe, makaburi, kisima cha zamani. Nilikuwa bado napiga kelele jenereta ilipozimika. Petroli ilikuwa imekwisha. Dereva akaenda kunyonya nyingine kwenye tangi la gari, watu wakavuta mablanketi ili wapate hewa, na katika kusukumana meza yangu ikagongwa.

Ramani yangu ilikuwa imepotea, lakini ya kwao ilikuwepo. Wakaendelea kubishana mbele ya ukuta, kwa lugha yao yenye sauti za kugonga ulimi kaakaani ambazo mimi sizijui, kana kwamba hakuna kilichozimika. Nilisimama na mashine yangu baridi, mtaalamu pekee asiyeelewa mkutano aliouitisha mwenyewe.

Mablanketi yaliporudishwa na mashine kuwaka, ramani haikulala tena juu ya mkaa. "Kijiji kimehama!" wakapiga kelele.

"Sogeza," yule mama akaniamuru. "Kidogo. Rudi. Hapo!"

Shule ikakaa juu ya shule. Msikiti ukakaa, kanisa likakaa, hata njia ya ng'ombe. Korongo tu lilikataa. La kwangu lilipita huku, la kwake kule, na bomba langu jekundu lilikuwa limelala katikati ya mchanga wake.

"Lilihama mwaka wa mvua kubwa," akasema. "Mimi ndiye ninayechimba maji humo kila kiangazi. Nisilijue?"

Ramani yangu ilitokana na picha za ndege, zilizopigwa kabla ya mvua hiyo. Hilo nililijua. Sikuwa nimekwenda kulitazama korongo lenyewe.

Mwenyekiti akaniegemea. "Fundi, tunataka maji. Lete tusaini hiyo hiyo, lori lisitupite."

"Saini," mama akamwambia, "mvua ya kwanza ukalifukuze bomba lako huko mtoni."

Saa ilikuwa inakimbia. Ningeweza kuchukua sahihi ile na kuondoka. Lakini sikuosha masufuria miaka yote ile ili nije kuzika mabomba kwenye mchanga. Nikaweka plastiki tupu juu ya ramani, nikaufuata mkaa wake kwa kivuli cha kalamu ukutani, mkunjo kwa mkunjo, kisha nikachora bomba jipya likizunguka kwa juu, penye mwamba. Wakasaini. Tuliingia mjini jua halijazama.

"Mbona limepinda?" mkuu akauliza.

"Korongo limehama, mzee. Picha zetu zimezeeka."

Akainua plastiki dirishani, akaufuata mstari kwa kidole. "Kumbe kusoma kunasaidia," akasema. Sikumkatalia. Asubuhi lori likaondoka.

Siku ya kufungua maji nilifika na suti. Ukuta wa darasa ulikuwa bado na mkaa wake. Mwalimu alikuwa anaufundishia jiografia. Maji yalitoka kwa nguvu, vigelegele vikapigwa, na mgeni rasmi akageukia umati.

"Nani alichora njia ya bomba hili?"

Tukanyoosha mikono watu wawili, mimi na yule mama. Yeye aliunyoosha wake kabla yangu.